Kisu cha Thamani na Thamani ya Kisu

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakutuambia kisu hicho kiwe kimenunuliwa kwa fedha kiasi gani. Suala hilo dogo ndilo lililozua ubishi mkubwa katika baraza moja hapa Unguja, na kwa kuwa ubishi wenyewe uliwakutanisha wavuvi, mafundi na watumishi wa Serikali, na kila upande ukaondoka na hoja yake, tumeona yafaa kuuleta mbele ya wasomaji wetu wa visiwani, na mbele ya maofisa ambao kazi yao ya kila siku ni kuamua fedha za umma zinunue nini.

Chanzo chake ni hiki. Ndugu mmoja, mtumishi wa Serikali, alipelekwa Arusha kuhudhuria semina katika jumba la mikutano la AICC, lililofunguliwa mwaka 1978, ambalo maofisa wetu wengi walijua kuliko wanavyoijua Pemba. Aliporudi alikuwa na visu viwili. Cha kwanza kilikuwa sime ndogo ya Kimasai, yenye ala ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu, aliyoinunua karibu na Mnara wa Saa. Cha pili kilikuwa kisu cha mfukoni, cha kukunja, chenye mpini wa madini ya titani, alichouziwa na mgeni mmoja aliyeteremka kutoka Mlima Meru ambaye hakutaka kukibeba tena hadi kwao. Kisu cha namna hiyo kikiwa kipya huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 400. Ndugu yetu alikipata kwa bei pungufu, lakini hata hiyo bei pungufu ilimeza sehemu kubwa ya posho yake, na mkewe, kwa habari zilizofika barazani, alikuwa na maneno yake juu ya hesabu hiyo.

Wengine walicheka, wakasema kwamba fedha hizo zingenunua visu vya nyumba nzima, na mbuzi wa kuchinjwa kwavyo. Wengine walimtetea, wakasema mtu hununua saa ya bei kubwa na hakuna amwulizaye. Ubishi ungeishia hapo kama asingalikuwapo mzee mmoja mvuvi wa Malindi, mtu wa maneno machache, ambaye aliviomba visu vyote viwili akavijaribu. Alianza na kamba ya usumba, kisha akaitumia ngozi ya papa, ambayo kila mvuvi anajua kuwa hula makali kama msasa. Sime ilikata mara mbili, mara ya tatu ikateleza. Tulipoyatazama makali yake yalikuwa yamejikunja upande mmoja kama ukingo wa bati. Kisu cha kukunja kilikata kamba, kikakata ngozi, kikakata kamba tena, na baadaye kikanyoa nywele za mkononi mwa kijana aliyejitolea.

Basi waliomtetea ofisa wakashangilia. Lakini mzee yule alikifuta kile kisu, akakikunja kwa uangalifu, akamrudishia mwenyewe, akasema kwamba tangu kaskazi ianze kuvuma yeye amekwisha kuangusha baharini visu vitatu, na kwamba hawezi kuingia chomboni na kitu ambacho kikimponyoka mkononi, naye atatamani kukifuata. Hakuna aliyemjibu.

Jaribio hilo lilituachia maswali mawili ambayo hatukuweza kuyaacha. Kwa nini sime ile, iliyotoka kwa watu ambao sime ni sehemu ya vazi lao, ilishindwa na kamba? Na zile dola 400 zinalipia nini hasa? Tulipopata safari ya kikazi kwenda Arusha tuliyachukua maswali hayo pamoja na mizigo yetu.

Tuanze na kile cha gharama. Kisu alichokinunua ndugu yetu huitwa Sebenza, na jina hilo halikutoka Ulaya. Ni neno la Kizulu, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, na maana yake ni kufanya kazi. Aliyekibuni, Chris Reeve, alianza kutengeneza visu Afrika Kusini, akahamia Marekani mwaka 1989 na kuweka kiwanda chake katika jimbo la Idaho. Kwa hiyo kisu ambacho baraza letu lilikidhani kuwa pambo la matajiri kina jina la kazi, na jina lenyewe ni la Kiafrika. Jambo hili lilitufurahisha, ingawa tunajua kwamba wengi wa wanaokinunua hufungulia barua tu.

Bei yake huanzia kwenye chuma. Watu wengi hudhani kuwa chuma ni chuma. Sivyo. Chuma laini, kama kile cha nondo za kujengea, hata ukikitia moto namna gani hakiwi kigumu, kwa sababu kina kaboni kidogo mno. Pua ndiyo yenye kaboni ya kutosha, zaidi ya nusu ya sehemu moja katika kila sehemu mia, na kaboni hiyo ndiyo inayoufanya ubao wa kisu ukubali kuwa mgumu. Pua ya visu hivi vya bei kubwa haimiminwi tu katika kalibu. Huyeyushwa, ikarushwa kwa mvuke wa gesi hadi ikawa unga, kisha unga huo ukashindiliwa kwa joto na nguvu nyingi mpaka ukashikamana tena. Faida yake ni kwamba punje ngumu zilizomo ndani ya chuma huwa ndogo na hutawanyika sawasawa, na hivyo makali hudumu. Kuna kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell. Kisu cha kawaida cha Uswisi hufika kama 56 katika kipimo hicho. Visu vya pua ya unga hufika 59 hadi 61. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini mtu anayekata makasha au kamba mchana kutwa ataiona kabla ya jioni.

Baada ya chuma hufuata kazi ya mikono na mashine: bawaba isiyotikisika, ubao unaokaa katikati ya mpini bila kugusa upande wowote, na sehemu ya mpini wenyewe inayoingia nyuma ya ubao na kuuzuia usijifunge juu ya vidole. Hapa ndipo fedha nyingi hukaa, na hatuoni kuwa ni udanganyifu. Mtu anayeelewa useremala hatamlaumu fundi kwa kutoza zaidi mlango unaofunga bila kupigwa bega. Lakini yafaa kusema wazi kwamba kazi hiyo haiongezi ukali hata chembe. Humpa mwenye kisu raha, usalama na miaka mingi ya matumizi. Hatimaye kuna jina, na jina halina kipimo cha Rockwell.

Katika lango la Momella, ambapo wapandaji wa Mlima Meru huanza safari yao wakisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, tuliwauliza viongozi na wapagazi wao hubeba kisu gani. Mlima huo una zaidi ya mita 4,500, na mtu aliye katika kibanda cha Miriakamba hawezi kushuka dukani. Wengi walitutolea mfukoni kile kisu chekundu cha Uswisi kinachojulikana dunia nzima, chenye kifungulio cha makopo, bisibisi na mkasi mdogo. Baadhi vilikuwa zawadi za wageni, vingine vilinunuliwa. Kisu kama hicho hupatikana kwa dola 30 au 40, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya bei ya kile cha titani. Mmoja alitwambia kuwa chake ana mwaka wa tisa nacho, na ubao umekwisha kuwa mwembamba kwa kunolewa. Tulipomwuliza kama angebadilishana na cha dola 400 alitaka kwanza kujua kama nacho kina mkasi.

Habari ya kisu hicho chekundu yafaa kusomwa na kila ofisa wa manunuzi. Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Wakati huo jeshi la Uswisi lilikuwa likinunua visu vyake Solingen, nchini Ujerumani, kwa sababu Uswisi yenyewe haikuwa na kiwanda cha kutosha. Elsener aliwakusanya mafundi wenzake ili kazi hiyo ifanywe nyumbani, na mwaka 1891 wakalipatia jeshi visu vya kwanza. Hesabu haikuwa nzuri. Wajerumani walikuwa na viwanda vikubwa na bei zao zilikuwa chini. Wenzake wakajitoa, naye akabaki na madeni yaliyokaribia kumfilisi. Aliendelea kwa msaada wa jamaa zake, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa chenye vifaa vingi. Baadaye ilipopatikana pua isiyoshika kutu aliyofuata nyayo zake waliipokea, na ndipo mwaka 1921 jina la Victorinox lilipopatikana, kwa kuunganisha jina la mama yake Elsener, Victoria, na neno la Kifaransa la chuma hicho. Kwa sisi tunaoishi kwenye hewa ya chumvi, ambako kisu cha chuma cha kawaida hulala kikiwa cheupe kikaamka chekundu, neno hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko jina lolote la mtengenezaji.

Tukihukumu kwa kukata peke yake, basi, uamuzi wetu ni huu. Kutoka kisu cha vichochoroni kinachovunjika wiki ya pili hadi kisu cha dola 30 au 40, kila shilingi inayoongezwa hurudi kwa mnunuzi. Kutoka hapo hadi dola 400 shilingi nyingi hazirudi kwa njia ya makali. Hurudi kwa njia ya raha ya kukishika, na raha hiyo ni haki ya mtu anayelipa kwa fedha yake mwenyewe.

Watu wa visiwani hatuna haki ya kumcheka ofisa wetu kana kwamba anasa ya kisu imeletwa juzi na wapanda mlima. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa karne ya kwanza, chasema kuwa bidhaa zilizoletwa katika mwambao wetu, hadi Rhapta, zilikuwa mikuki iliyotengenezwa Muza kule Yemen, mashoka, visu na sindano za kutobolea. Twanunua visu kutoka ng'ambo kwa muda wa miaka elfu mbili. Na jambia lililovaliwa na mabwana wa hapa na wa Oman lilikuwa nini, kama si kisu ambacho thamani yake ilikuwa katika kila kitu isipokuwa ubao? Fedha ilikuwa katika ala, katika nyuzi za fedha, na zaidi ya yote katika mpini.

Mpini huo ulitudhuru sisi Watanzania kuliko wengine wanavyojua. Katika miaka ya 1970 vijana wengi wa Yemen walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia wakati wa neema ya mafuta, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka jambia lenye mpini wa pembe ya faru, ambalo awali lilikuwa la wakubwa tu. Vifaru weusi wa Afrika, waliokadiriwa kuwa kama 65,000 mwaka 1970, hawakuzidi 2,500 ilipofika mwaka 1995. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, lakini magendo hayakukoma siku ile ile. Jambia siyo sababu pekee, kwa maana dawa za Mashariki ya Mbali zilichukua sehemu kubwa. Hata hivyo mtu anayesafiri kutoka Arusha kwenda Ngorongoro akakaa saa nzima na darubini akitafuta faru mmoja atambue kwamba sehemu ya wale asiowaona walikwisha kuwa mipini. Hakuna hata jambia moja lililokuwa kali zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa tuirudie sime. Tulipotoka mjini kuelekea Ngaramtoni, mlima ukiwa kuume kwetu na kilele chake kimefunikwa na wingu, tulielekezwa kwa mhunzi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mti pamoja na vijana wake wawili. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli. Mivukuto ya ngozi ameiacha zamani. Sasa kijana mmoja huzungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa feni, na makaa yakawaka kwa mngurumo. Chuma chake kilikuwa kimelundikwa pembeni: majani ya springi za magari makuukuu, na tupa zilizokwisha meno. Huo si uchafu kama mtu asiyejua anavyoweza kudhani. Springi ya gari ni pua yenye kaboni kama sehemu sita katika elfu, na tupa ina zaidi ya hapo. Kwa upande wa malighafi, mzee huyu hana deni kwa mtu.

Kwa Wamasai kazi ya uhunzi ilikuwa ya ukoo wa Ilkunono, na ukoo huo ulidharauliwa. Watu walikataa kuoana nao, na mtu aliyepokea silaha kutoka mkononi mwa mhunzi alijipaka mafuta kwanza ili asipatwe na nuksi ya chuma. Upande wa mashariki, kule Ugweno katika milima ya Upare, mambo yalikuwa kinyume: ukoo wa wahunzi, Washana, uliwahi kutawala, na chuma chao kilivuka hadi Uchagani. Twalitaja jambo hili kwa sababu dharau ile haijaisha. Imebadilika sura tu. Hapo zamani mhunzi alinyimwa mke, na leo ananyimwa bei.

Tulimwonyesha ile sime iliyojikunja, tukamwamkia na kumwuliza, "Mzee, kosa ni la nani?" Aliigeuza mara moja tu, akacheka. Alitueleza bila kuficha kwamba kisu hicho hakikuzimishwa. Kilifuliwa kwa moto, kikachongwa, kikang'arishwa, kikaachwa kipoe chenyewe hewani. Ni kisu cha mgeni, akasema. Anapoagizwa sime na mfugaji atakayeitumia kukata miba na kuchuna ng'ombe, huipasha ubao hadi rangi ya cheri mbivu, akauzamisha katika mafuta, kisha akaupasha tena kwa moto wa pole ili usivunjike. Kazi hiyo yahitaji makaa, muda na macho, na baadhi ya nyembe hupinda au hupasuka majini na kutupwa. Mgeni haulizi, mchuuzi wa mjini haulizi, na bei anayolipwa na mchuuzi ni ile ile. Kwa nini basi aunguze makaa?

Bei hiyo alitutajia. Haikufika thamani ya kuku wawili wa kienyeji. Sime ile ile ndugu yetu aliilipia karibu na Mnara wa Saa mara nne zaidi, na mara tatu katika hizo zilibaki mjini.

Basi swali letu la kwanza lilikuwa limejibiwa, na jibu halikuwa lile tulilolitarajia. Mhunzi wa Meru hakosi ujuzi wala hakosi pua. Tofauti kati ya kisu kilichojikunja na kisu ambacho kingekata kamba ya mzee wa Malindi ni makaa ya nusu saa na mafuta ya debe moja, na tofauti hiyo haikununuliwa kwa sababu hakuna aliyejua kuiuliza. Kizuri chajiuza, twaambiwa, na kibaya chajitembeza. Lakini ubaya wa kisu kisichozimishwa hauonekani. Kinang'aa sawa na kingine, pengine zaidi.

Kwa faida ya msomaji atakayefika Arusha, kuna njia ya kujua. Chukua tupa ndogo na uipitishe taratibu kwenye ukingo wa ubao karibu na mpini. Tupa ikila chuma kama inavyokula msumari, kisu hicho ni pambo, kitundike ukutani. Ikiteleza juu yake kama juu ya kioo, kimezimishwa. Mchuuzi huenda akakasirika, lakini mchuuzi wa nguo hakasiriki ukilivuta kitambaa.

Maofisa wa Serikali tunawaomba jambo kubwa kidogo kuliko tupa. Mji wa Arusha haukosi vyombo vya kuusaidia uhunzi. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo nchini. Chuo cha Ufundi cha Arusha kilianza mwaka 1978. CAMARTEC, yenye jukumu la zana za kilimo na ufundi wa vijijini, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1981 na makao yake yako mji ule ule. Na kazi ya kuweka viwango ilikabidhiwa TBS tangu mwaka 1975. Kutoka chini ya mti wa mzee yule hadi mjini ni safari ya daladala. Anachohitaji si mashine ya kuzungushiwa utepe na waziri. Ni sumaku ya kumjulisha ubao ulipofikia joto la kuzimishwa, kwa kuwa pua ikifika hapo haivutwi tena na sumaku. Ni jiko dogo linaloweza kushika nyuzi 200 kwa saa moja au mbili bila kupanda wala kushuka. Na ni chapa ndogo ya kugonga kwenye ubao, yenye kumwambia mnunuzi kwamba kisu hiki kimepimwa. Chapa hiyo ndiyo kubwa kuliko yote. Mafundi wa Sheffield walilalamika vikali visu vya Solingen vilipouzwa kwa jina la mji wao, na Bunge la Uingereza likatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887. Hakuna sababu kwa nini jina la Meru lisilindwe, ili mchuuzi asiweze kuliuza pamoja na bati lililong'arishwa.

Maofisa wa visiwani nao wasijione wako nje ya habari hii. Tuna taasisi yetu ya viwango, ZBS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na tuna Taasisi ya Karume pale Mbweni. Machinjio, masoko ya samaki na jiko la kila hospitali hununua visu, na zabuni zinazoandikwa kisu, idadi, bei, bila neno lolote juu ya chuma wala ugumu, zitaleta visu vya bei ya chini kabisa ambavyo vitanunuliwa tena kabla ya mwaka kuisha. Mstari mmoja katika fomu ungetosha: kisu kisiwe chini ya 54 katika kipimo cha Rockwell, na kiwe hakishiki kutu. Tunafahamu kwamba mhunzi wa Ngaramtoni hatatimiza sharti hilo la pili kwa springi ya gari, na hatudai apewe kazi asiyoiweza. Wala hatadhania mtu kwamba ataunda bawaba ya titani. Lakini sime, panga dogo, kisu cha kuchunia na kotama ya mgema anaziweza, zikiwa na makali ya kweli, kwa bei ambayo hata ikiongezwa mara mbili itabaki ndogo.

Kabla hatujaondoka tulimwagiza mzee kisu kimoja, cha urefu wa shibiri, kilichozimishwa, na tukamlipa bei tuliyoona ni haki. Aliihesabu fedha mara mbili, akamwita kijana wake aje aone. Kisha akatufanyia kazi hiyo jioni ile ile, na tupa yetu ikateleza. Msomaji atakayefuata mfano wetu akumbuke kukiweka kisu katika mzigo wa chini ya ndege. Pale uwanjani Kisongo tulikuwa tumekisahau mkobani, na ilitubidi kurudi kwenye kaunta huku abiria wengine wakitutazama kwa jicho baya.

Kisu tulimpa mvuvi wa Malindi. Kinashika kutu, amesema, asipokipaka mafuta kila jioni, lakini ngozi ya papa hakijaiogopa na hukinoa mara moja kwa wiki. Ametoboa mpini wake, akafungia kipande kikubwa cha ndara kuukuu kiwe boya. Kimekwisha kuanguka majini mara mbili, na mara zote mbili amekiopoa kikielea. Ofisa wetu bado anacho kile cha titani, na hukitoa barazani jioni kwa kumenyea machungwa. Machungwa hukatika vizuri sana, na hakuna anayekataa kipande.